Leo Amesema Nini?

Wawira wa Njura alirudishwa kwao Embu mwaka mmoja kabla ya ule ukame mkubwa, majira ambayo huko Kiirua, upande wa Meru alikoolewa, ngano huwa imeanza kupata rangi ya asali. Aliyemrudisha ni mumewe Kiogora, na hakumrudisha kwa kelele. Alimbebea begi lake hadi kituoni, akalipandisha mwenyewe juu ya gari, akaikaza kamba, kisha akasimama pale akitazama viatu vyake kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Walikuwa wameishi pamoja miaka minane na mtoto hakuja. Neno la mwisho lilisemwa na mama yake Kiogora, jikoni, akichambua maharagwe: "Shamba lisilozaa, mtu humrudishia mwenyewe." Hakumwangalia Wawira aliposema hivyo. Utadhani alikuwa akiyaambia maharagwe.

Kwao, upande wa Manyatta, baba yake alikuwa ameshafariki na boma likawa la kaka yake. Mke wa kaka alimpokea vizuri siku za mwanzo, kisha akaanza kuhesabu vikombe. Ndipo alipokuja mdogo wa mama yake, mjane aliyeitwa Mama Muriithi, ambaye Wawira alimwita tata, kama Waembu wanavyomwita dada wa mama. Tata aliuza mitumba katika soko la Embu na kuishi mtaa wa Majimbo, katika nyumba ya vyumba viwili yenye mparachichi mlangoni. Alimtazama mpwa wake mara moja tu, akalichukua lile begi.

"Kama ni kulia, utakuja kulilia kwangu," alisema. "Mimi usingizi wangu ni mzito."

Kabla ya kuolewa Wawira alikuwa amejifunza kupiga taipu, na haikupita muda akapata kazi katika ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa. Mtu akimwona asubuhi akishuka kuelekea mjini, sketi imenyooka na viatu vimepakwa rangi, angesema yule ana maisha yake. Kumbe ndani mlikuwa mtupu. Alipiga barua za watu wengine siku nzima, jioni akapika, akaosha vyombo, akalala. Hakuwa na uchungu wa kupiga mayowe. Uchungu wa kupiga mayowe una mwisho. Wake ulikuwa wa mtu aliyesimama njia panda, na kila anayepita anajua aendako isipokuwa yeye. Jina lake lenyewe, kwa Kiembu, linatokana na kazi, na yeye alijiona hana kazi yoyote duniani. Akipiga magoti kando ya kitanda, maombi yake yalikuwa swali moja tu: "Mungu, mimi uliniumbia nini?" Kisha angengoja kidogo, asisikie kitu, akainuka.

Jumapili alikwenda kanisani kwa sababu tata hakuwa mtu wa kubishana naye. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Ibada ilimpita kama mvua inavyopita juu ya bati: ina kelele nyingi na ndani hakulowi. Alisimama watu waliposimama, akaketi walipoketi.

Huko nyuma ndiko alikoanza kumwona Ngari.

Ngari alikuwa fundi seremala mwenye banda karibu na soko. Mabenchi ya kanisa lile, na hata mimbari, vilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa kiziwi. Watu walimwita bubu, mbele ya uso wake, kwa kuwa hangesikia. Kila Jumapili alikuja mapema, shati jeupe limefungwa kifungo cha juu, akakaa benchi la mbele kabisa, na kumkazia macho Mchungaji Ndambiri kwa muda wote wa mahubiri bila kupepesa. Watu walipocheka, alitazama pembeni, akaona meno, ndipo naye akacheka, amechelewa kidogo. Kwaya ilipoimba alishika kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mahali popote.

Jambo hilo lilimkera Wawira, na hakujua kwa nini. Mtu hasikii hata neno moja, anafuata nini? Na mbona anatoka pale na uso uliotulia, wakati yeye mwenye masikio mawili mazima anatoka alivyoingia?

Jumapili moja hakuweza kuvumilia. Alimfuata Ngari nje, akamgusa begani. Ngari alipogeuka, Wawira alijikuta hana njia ya kuuliza. Akaonyesha sikio lake, akaonyesha kanisa, akafungua mikono: kwa nini?

Ngari alimtazama kwa makini, kama anavyotazama mbao kuona nyuzi zake zimeelekea wapi. Alikuwa amesoma miaka kadhaa katika shule ya viziwi ya wamisionari huko Nyanza na alijua kuandika kidogo. Akachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio, akaokota kipande cha katoni, akaandika: "Wewe unasikia. Leo amesema nini?"

Wawira alijaribu kukumbuka hata kichwa cha somo. Hakukumbuka. Alikuwa amekaa ndani kwa saa nzima na zaidi, na hakuwa na hata punje moja ya kumpa mtu mwenye njaa. Alichukua penseli, akaandika chini yake: "Sijui."

Ngari alicheka, kicheko kikubwa kisicho na breki cha mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, akampiga bega kwa upole kana kwamba wamekutana wawili wa hali moja.

Wiki ile yote Wawira hakutulia. Jumapili iliyofuata aliketi benchi la mbele, akasikiliza kama anayeandikishwa imla ofisini, kwa sababu kuna mtu alikuwa akingoja. Mchungaji alihubiri habari za Hajiri, mjakazi aliyeonewa akakimbilia jangwani, kando ya chemchemi, na malaika akamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Wawira alikuwa ameisikia habari hiyo tangu utoto. Safari hii, kwa kuwa ilibidi aifikirie vizuri ili aweze kuifikisha kwa mwingine, iliingia ndani na kuketi. Baadaye, akimwandikia Ngari, alipofika kwenye lile swali, umetoka wapi na unakwenda wapi, penseli ilisimama. Nusu ya kwanza ya jibu aliijua barabara.

Kwa muda walitumia karatasi. Lakini Kiswahili cha kuandika kilimchosha Ngari. Lugha yake ilikuwa ya mikono. Basi jioni, baada ya kazi, Wawira akawa anapitia kwenye banda lake, anaketi juu ya gogo, maranda yakimwingia kwenye soksi, naye Ngari anaweka randa chini na kumfundisha. Maji. Mkate. Baba. Samehe. Alikuwa mwalimu mkali. Akikosea, Ngari alimshika vidole na kuvikunja mwenyewe, kama anayepinda waya. Akapewa pia jina, kwa sababu katika lugha ya ishara kila mtu hupewa lake: kidole kimoja kikigusa mwanya wa meno ya mbele. Huyo ndiye Wawira.

Alipoona anaweza, alimwomba mchungaji ruhusa ya kusimama pembeni mwa mimbari ili atafsiri. Mchungaji Ndambiri alikuwa mtu mpole aliyependa kujaribu mambo. Akasema, haya, tuone.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili ya Mitende. Wawira alisimama mbele ya watu wote, akaanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Yesu alipoagiza aletewe mwana-punda. Ghafla Ngari akaangua kicheko chake kile kikubwa, kanisa zima likageuka. Alicheka mpaka akafuta machozi. Baada ya ibada ndipo Wawira alipoelezwa kosa lake. Ishara ya punda na ya sungura zote mbili huwekwa kichwani, tofauti yake ni jinsi vidole vinavyochezeshwa. Asubuhi ile Ngari alikuwa amemwona Bwana akiingia Yerusalemu amepanda sungura, na watu wakimtandikia nguo.

Tata alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini kwenye mzigo wake wa mitumba. Na Wawira naye, kwa mara ya kwanza tangu atoke Kiirua, alicheka. Sauti yake ilimshangaza. Alikuwa amesahau kwamba anayo.

Si wote waliofurahi. Mzee Kivuti, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuwa mtu wa utaratibu. Alilalamika kwamba watoto wamekoma kumsikiliza mchungaji na sasa wanaitazama mikono ya mwanamke. Kulikuwa na minong'ono mingine pia: kwamba aliyeachika anatafuta mume, na kwa kuwa wenye masikio wamemkataa, ameona amshike asiyesikia habari zake. Minong'ono hiyo ilimfikia Wawira kama inavyofika siku zote, kwa njia ya rafiki.

"Nitaacha," alimwambia tata. "Nitarudi nyuma nikae karibu na mlango."

"Rudi," alisema tata, akikunja sweta. "Halafu Jumapili yule akuulize tena amesema nini, umwambie uliogopa wanawake wa kisimani."

Hakurudi nyuma.

Mambo yakafika kilele Ngari alipoomba ubatizo. Alikuwa hajabatizwa. Alipokuwa kijana, mama yake alimpeleka kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akipita vijijini, akaambiwa kwamba asiyeweza kujibu maswali hawezi kubatizwa. Sasa Ngari alisema, maswali nayaona, na majibu ninayo. Wazee wakaitwa kikaoni, Ngari na Wawira wakiwepo.

"Mimi sina neno na fundi," alisema Mzee Kivuti. "Ni mtu mzuri. Lakini Maandiko yanasema imani huja kwa kusikia. Huyu hasikii. Na hata akijibu, tutajuaje ni yeye amejibu na si Wawira?"

Wawira alitafsiri yote, pamoja na hilo la mwisho, masikio yakimwaka moto. Ngari alijibu kwa utulivu.

"Anasema kwamba—" alianza Wawira, na Ngari akagonga meza. Alikuwa amemwonya juu ya jambo hilo siku nyingi. Usiseme anasema. Sema mimi. Maneno ni yangu, mdomo ni wako.

Wawira akaitikia kwa kichwa. Akaanza upya, akiifuata mikono ya Ngari, na wazee wakasikia sauti ya mwanamke ikisema maneno haya:

"Mimi ni Ngari. Nilizaliwa nikisikia. Nakumbuka sauti moja tu, mama akiwaita kuku. Kisha nikaugua, na nilipoamka dunia ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa mdogo. Nilidhani nimekosea kitu, ndiyo maana watu wote wameamua kutosema nami. Nilizunguka boma lote nikiwaonyesha mikono yangu, waone kwamba ni safi."

Mzee mmoja alikohoa.

"Shuleni niliona picha ya Yesu ameweka vidole masikioni mwa mtu. Nikamuuliza mwalimu, huyu ni nani? Akasema, kiziwi. Nikauliza, Yesu alimwambia nini? Akasema, hakuanza kwa kumwambia. Alimtoa kando ya watu, akamgusa. Nikajua kuna mmoja ambaye hakuninyamazia. Kwa hiyo mimi sikuachwa. Mungu hakunisahau hata siku moja. Alinipa mikono, na ana kazi na mimi."

Wawira alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hayo: sikuachwa, ana kazi na mimi. Maneno yalikuwa ya Ngari, lakini yalipita kinywani mwake, na kitu kinachopita kinywani lazima mtu akionje. Alikuwa ameuliza swali lile lile kando ya kitanda kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amesimama mbele ya wazee wa kanisa akijijibu kwa sauti, pasipo kukusudia. Machozi yalimtoka. Hakuyafuta, asije akapitwa na neno mikononi mwa Ngari.

Mchungaji Ndambiri akasema, "Bwana mwenyewe alizungumza na yule mtu kwa vidole. Sisi ni akina nani tukatae?"

Ngari alibatizwa Jumapili ya Pasaka ya mwaka uliofuata, na tata akapika mukimo wa viazi na mahindi wa kulisha mtaa. Mzee Kivuti hakusema kwamba alikosea. Hakuwa na tabia hiyo. Lakini baada ya wiki chache Wawira alifika mapema akamkuta yuko peke yake kanisani, koti amelivua, akilivuta benchi la mbele hadi upande wa kushoto, penye dirisha.

"Huku kuna mwanga," alisema, bila kumtazama. "Mtu wa kuona anahitaji mwanga. Shika upande ule."

Wakalivuta pamoja.

Habari zina miguu. Baada ya mwaka benchi lile halikutosha. Walikuja kutoka Runyenjes na Siakago, mmoja akaja kutoka Chuka: mama mwenye kibanda cha mboga, vijana wawili ndugu, mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na lugha yoyote zaidi ya kunyoosha kidole. Wawira aliendelea na taipu yake, lakini saa zake nyingine zote zilipata wenyewe. Aliitwa hospitalini kukaa na mama kiziwi aliyekuwa akijifungua. Aliitwa mahakamani. Ngari alipooa, alimwoa mshonaji nguo kiziwi kutoka Chuka, na Wawira akasimama kati yao na mchungaji akitafsiri viapo huku wale wambea wa zamani wakiketi wamenywea. Jioni alirudi Majimbo miguu ikiuma, akavua viatu chini ya mparachichi, akashangaa kwamba uchovu unaweza kuwa mtamu.

Hakupata sauti kutoka mbinguni. Wala hakukoma kabisa kuumia. Kuna siku mtoto wa jirani angelia na kitu kingemkaza kifuani. Ila lile swali la kando ya kitanda lilikwisha bila yeye kujua lilikwisha lini. Maombi yake sasa yalikuwa ya mtu mwenye shughuli: fulani anaumwa, fulani anatafuta kazi, Bwana, nikumbushe ishara ya "rehema" maana naichanganya.

Kisha, miaka kadhaa baadaye, Jumapili moja ya baridi ya Julai, mgeni alibaki kanisani watu wote walipotoka. Alikuwa mwanamke mwembamba, shali limefungwa kwa namna wanavyofunga watu wa upande wa Buuri kwa sababu ya upepo, na kando yake msichana wa miaka sita hivi.

"Wewe ndiye Wawira wa Njura?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Naitwa Karwirwa. Natoka Kiirua." Alitazama sakafu. "Kwa Kiogora."

Wawira alikuwa ameshika vitabu vya nyimbo. Akaviweka chini polepole. Alijua kwamba Kiogora alioa tena. Habari hiyo ilikuwa imemfikia zamani. Hakuwa amefikiri huyo mke ana uso.

"Huyu ni Kaari," aliendelea Karwirwa. "Ni wetu. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa wa miaka mitatu, tukadhani anakufa. Hakufa, lakini masikio yalikwenda. Ndugu zake wanasikia vizuri. Ni yeye tu." Mikono yake ilisokota pindo la shali. "Dada, nimekuja unisamehe. Na utoe lile neno."

"Neno gani?"

"Kule nyumbani wanasema ni machozi yako. Kwamba ulipoondoka ulilia mlangoni, na machozi ya mtu aliyeonewa huwa hayaanguki bure. Mama mkwe ndiye wa kwanza kusema. Sasa ni mzee, halali usiku. Mimi sikuwepo, mimi sikukufanyia kitu, lakini kama kuna neno ulisema, nakuomba kwa huyu Mungu wako, litoe."

Akataka kupiga magoti. Wawira alimdaka mikono.

Kulikuwa na miaka ambayo habari kama ile ingempa utamu wa siri. Hilo Wawira alilijua, wala hakujidanganya. Alihisi hata pale, kwa nukta moja, kitu kikiinua kichwa ndani yake kama nyoka kwenye majani: kumbe wao pia wamelia. Akamtazama mtoto. Kaari alikuwa amekwisha kuwaacha. Alikuwa amesimama dirishani akiwatazama Ngari na mkewe wakizungumza nje kwa mikono, na vidole vyake vidogo vilikuwa vikijaribu kuwafuata, vikikosea, vikijaribu tena.

Yule nyoka akalala.

"Karwirwa, nisikilize," alisema. "Sikumlaani mtu. Nililia, ndiyo, kwa sababu niliumia. Machozi ni maji. Ingekuwa yanaziba masikio ya watoto, dunia hii nzima ingekuwa viziwi. Ilikuwa homa. Na mtoto wako si adhabu ya mtu yeyote. Hebu mtazame."

Wakamtazama wote wawili. Karwirwa akaanza kulia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo mlima mzima, sasa ameambiwa atue. Wawira alimwacha alie. Kisha akaenda dirishani, akachutama mbele ya mtoto, akajigusa mwanya wa meno. Mimi ni huyu. Akamwelekezea mtoto kiganja wazi: na wewe?

Kaari alifikiri. Kisha akajivuta kipuli chake cha shanga, kile cha bluu.

"Haya," alisema Wawira. "Umeshapata jina."

Likizo ya Agosti alikwenda Kiirua, kwa sababu mtoto akijua lugha peke yake nyumbani bado yuko peke yake. Tata alimsindikiza hadi kituoni akimsomea sala na maonyo kwa pumzi moja. Boma la Kiogora halikuwa limebadilika sana: mlima ule ule nyuma yake, mierezi ile ile, jiko lile lile. Watu wa nyumba walikuwa wamekaa uani wakimngoja kama wanaongoja hukumu. Mama yake Kiogora alikuwa kwenye kigoda, amekuwa mdogo.

"Nimekuja kuwafundisha kusema na Kaari," alisema Wawira. "Mama, tutaanza na wewe. Uji unauitaje mtoto akitaka?"

Bibi kizee akainua mikono iliyojikunja kwa baridi yabisi, akaonyeshwa, akafanya. Kaari alimwona. Akakimbia jikoni akaleta kikombe, akasimama mbele ya bibi yake, macho yamemtoka: amenena! Watu wakacheka, na kicheko kikavunja kitu kilichokuwa kimewabana wote.

Jioni Kiogora alimfuata Wawira kwenye ua wa ng'ombe. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Wawira, sijui nikuambie nini."

"Nilikusamehe zamani, Kiogora, siku ambayo wewe hukuwepo. Ilikuwa kazi, lakini niliimaliza. La kuniambia mimi huna. Mwambie mtoto." Akamwonyesha ishara, kiganja kifuani kisha mkono ukienda kwa mwingine. "Hiyo ni 'mwanangu.' Jaribu."

Mikono ya Kiogora ilikuwa ya jembe na viazi, mizito, haikunji vizuri. Alijaribu. Alijaribu tena. Kaari alikuwa amekuja nyuma yao, na alipoona baba yake anachokisema, alikwenda akamshika vidole, akavinyoosha inavyotakiwa.

Wawira alitoka nje ya ua akawaacha. Alisimama akiutazama mlima ukifunikwa na mawingu, akagundua kwamba hamwonei wivu mtu yeyote.

Kaari alikwenda shule ya viziwi, na likizo nyingine alizimaliza Majimbo kwa tata na Wawira. Leo ni msusi wa nywele Meru mjini, mwenye maneno mengi kuliko wasusi wote wanaosikia. Wateja wake wamelazimika kujifunza ishara ili wapate umbea. Tata Mama Muriithi alifariki katika usingizi, mzito kama ulivyokuwa siku zote, na viziwi wa kanisa ndio waliobeba jeneza. Mzee Kivuti aliishi mpaka akaanza kupoteza masikio mwenyewe. Alihamia lile benchi la dirishani bila kumweleza mtu sababu, na Wawira hakumuuliza. Alimfundisha tu, taratibu, kama alivyofundishwa yeye.

Sasa Wawira amestaafu taipu. Nywele ni nyeupe, na vidole vina maumivu ya asubuhi ambayo huyayeyusha kwa maji moto kabla ya ibada. Ana vijana wanne aliowafunza, wawili ni watoto wa Ngari wanaosikia, na hupokezana naye mimbarini.

Juzi alikuja mchungaji mgeni, kijana mwenye bidii, ambaye hakuwa ameelezwa. Akasema kwa sauti kuu, "Tufumbe macho, tuombe." Akaanza. Katikati akachungulia, akaona mabenchi manne yote ya upande wa kushoto, watu wazima kwa watoto, wamekaza macho bila hata mmoja kufumba. Akanyamaza kwa mshangao. Wawira alimwona anavyohangaika, akamsogelea na kumnong'oneza, "Endelea, mchungaji. Hawa wakifumba macho, watakuwa wametoka nje. Sisi huku tunaomba tukitazamana."

Kijana akacheka kidogo, akaacha macho yake wazi, akaendelea kuomba. Wawira akarudi mahali pake, akainua mikono, na nyuso zote za upande wa dirisha zikamgeukia.